Dagaa wa Kilo Sabini

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, meza ya chumba cha kurekodia masomo ilikutwa tupu. Mlango haukuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Nyaya nne zilizokuwa zimechomekwa kwenye kitu kilichoibwa zilikuwa zimekunjwa duara, mmoja mmoja, na kufungwa kwa uzi.

Inspekta Boke Bernado wa Idara ya Upelelezi alizitazama nyaya hizo muda mrefu. Katika miaka kumi na saba ya kazi mkoani Mara alikuwa ameshika wezi wa ng'ombe, wa nyavu, wa pikipiki, na hata mwizi wa kengele ya kanisa. Mwizi anayekunja nyaya alikuwa hajamwona bado.

"Huyu kalelewa vizuri," alimwambia Koplo Mayala, aliyekuwa akipiga picha za eneo la tukio.

Kwenye kitasa kulikuwa na unga mweupe. Koplo aliukwangua, akautia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika kwa herufi kubwa: UNGA UNAODHANIWA KUWA DAWA ZA KULEVYA. Inspekta aliupikicha kati ya vidole.

"Chaki, Mayala."

"Chaki, afande?"

"Upo chuoni. Ulitegemea nini?"

Koplo alifuta maandishi yake.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha biashara na uvuvi, nyuma ya maduka ya mtaa wa Mukendo, mjini Musoma. Kilichoibwa kilikuwa kisanduku cheusi, kikubwa kuliko mkate kidogo tu. Aliyekieleza ni Raya Amini, binti wa miaka ishirini na saba aliyekiunda na kukitunza, naye alieleza akiwa ameshika kikombe cha chai asichokinywa.

Masomo ya walimu wote yalirekodiwa kwa video na kuwekwa humo. Sanduku lilitoa mtandao wake lenyewe, ulioitwa MASOMO, usiohitaji bando. Mwanafunzi akisimama hatua hamsini kutoka lilipo, simu yake inajivutia masomo. Wanafunzi walikuwa mia mbili na kumi na wawili, wengi wa Bunda, Nyamuswa na vijiji vya kando ya ziwa. Walikuja kila Jumamosi, wakajaza simu, wakarudi makwao kusoma huku wakichunga, wakiuza duka au wakinyonyesha. Somo la kumi na tano la hesabu lilikuwa limepangwa kujifungua lenyewe asubuhi hiyohiyo, saa mbili.

"Umeme ukikatika?"

"Lina betri yake, afande. Linakaa siku nzima."

"Nakala ya akiba iko wapi?"

Raya alitazama chini. "Humohumo ndani. Niliomba diski ya nje tangu mwezi wa tatu."

Mitihani ilikuwa inaanza Alhamisi. Mkuu wa chuo alikuwa ameshasema neno lake: sanduku lisipopatikana hadi Jumatano, chuo kitarudi kwenye vitini vya karatasi na mkataba wa Raya utaishia hapo. Inspekta alimhurumia binti yule waziwazi. Alimwambia anywe chai kwanza, mengine yatafuata.

Mlinzi wa geti, Lukas, alihojiwa akiwa amesimama wima kama yuko gwarideni.

"Jana nani alitoka na mzigo?"

"Hakuna, afande."

"Hata mmoja?"

"Mwizi hakupita hapa. Mimi nakaaga getini mpaka saa mbili usiku. Walipita walimu tu na mabegi yao."

Inspekta aliandika: walimu tu na mabegi yao. Akapiga mstari chini yake.

Chuo kizima, lakini, kilimnyooshea kidole mtu mwingine: Twalha Hasani, mwenye duka la fotokopi mkabala na geti. Kabla ya sanduku, vitini vyote vilitoka kwake. Walimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, mashine zake zikiwa zimezimwa.

"Sanduku lilikuulia biashara, Bwana Twalha."

"Liliniyumbisha mwezi mmoja tu, dada Inspekta. Sasa hivi wanafunzi wanakuja kuchaji simu kwangu wakisubiri masomo, wanakula na sambusa za mke wangu. Tangu asubuhi wameondoka wote, na sambusa zipo. Ukimpata huyo mtu, na mimi nataka kumwona."

Ijumaa, tangu alasiri hadi isha, alikuwa msikitini akitengeneza spika pamoja na mafundi wawili. Mafundi waliulizwa, wakathibitisha. Koplo Mayala alifuta jina lake kwenye orodha, kisha akanunua sambusa nne.

Wenye ufunguo wa chumba walikuwa walimu tisa. Wanane waliandika maelezo Jumapili. Wa tisa alikuwa kwake, ametuma ujumbe kwamba anaugua mafua.

Jumatatu Inspekta aliketi kwenye benchi la Twalha, akala, akasikiliza. Wanafunzi walilalamika kwamba somo la kumi na tano limepotea kabla hawajaliona. Kijana mmoja mwenye mabuti ya shambani akawakatalia. Alisema somo hilo ndilo zuri kuliko yote, na pale katikati mwalimu anapiga chafya, tai inaruka hadi begani. Wasichana wawili wakamwambia ameota. Akawaonyesha simu yake.

Inspekta aliweka sambusa chini.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Gody, afande."

"Hilo somo umelipata lini?"

"Jumamosi mchana."

"Wapi?"

"Nyumbani, Butiama, kule Mwitongo. Nilikuwa napalilia mihogo, simu ikalia. Naangalia, naona MASOMO. Nikajua chuo kimetusogezea huduma."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa sana, afande. Nikamshukuru Mungu."

"Ulikuwa sehemu gani ya shamba?"

"Kule mwisho, karibu na ua wa mwalimu Luhende."

Somo lililojifungua Jumamosi haliwezi kuingia kwenye simu ya mtu asiyekuwa karibu na sanduku Jumamosi. Na mwalimu Luhende ndiye aliyekuwa akiugua mafua.

Raya alipoulizwa juu yake alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alisema huyo hawezi hata kuligusa. Alifundisha hesabu za biashara miaka ishirini na mitatu, alijinunulia chaki yake mwenyewe, na mafunzo ya mitambo aliyakwepa mara tatu. Raya alimrekodi kwa kumbembeleza. Maoni yaliyoandikwa na wanafunzi chini ya masomo yake, aliyachapa kwenye karatasi na kumkabidhi mkononi kila Ijumaa.

"Ijumaa hii ulimpa?"

"Yalikuwa ya mtu mmoja tu."

Bado alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Yalihusu somo la kumi na nne, ambako mwalimu alitoa swali lake maarufu: dagaa wabichi kilo mia, asilimia themanini ya uzito wao ni maji, wakianikwa mpaka maji yabaki asilimia hamsini, watakuwa kilo ngapi? Alijibu ubaoni kwa mwandiko mzuri: themanini kutoa hamsini ni thelathini, kwa hiyo zimepotea kilo thelathini, zimebaki sabini.

Mwanafunzi aliandika: "Mwalimu, hili somo nimelisikiliza nyumbani tukianika. Mama anasema dagaa wa kilo mia wakibaki sabini, basi umewaanika kwenye mvua."

Inspekta Boke, mtoto wa mvuvi, alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Mayala, washa gari."

Mwalimu Luhende aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa na koti, na dalili ya mafua hakuwa nayo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nilidhani mngekuja jana."

Aliwapeleka kwenye chumba cha nafaka bila kuulizwa. Sanduku lilikuwa sakafuni limechomekwa kwenye umeme, taa yake ya kijani ikiwaka. Juu yake kulikuwa na kuku mwekundu, ametanua mbawa.

"Lina joto," mwalimu alieleza kwa aibu. "Amelipenda. Tangu juzi hataki kuondoka."

Koplo Mayala alijaribu kumwondoa kielelezo juu ya kielelezo, akadonolewa mara mbili.

Inspekta alimwonya mwalimu kisheria kwamba halazimiki kusema kitu, na kwamba akisema kitaandikwa. Mwalimu akasema waandike.

"Ulilichukua lini?"

"Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Nililitia kwenye begi langu la vitabu. Lukas alinifungulia geti, akaniambia safari njema."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kufuta somo moja tu. Sikujua linafutwaje."

"Ungemwomba Raya."

"Ningemwambia nini? Mtoto yule nimemkimbia mara tatu. Nilibonyeza vitufe siku mbili, Inspekta. Hakuna kitu."

"Na kwa nini ulikuwa hujalizima?"

"Nilisikiaga kwamba mitambo hii ikizimwa vibaya inapoteza kila kitu. Humo mna kazi za wenzangu. Sikutaka kuharibu za watu."

Hakujua kwamba sanduku, likiwa limewashwa, linaita kila simu iliyo karibu. Koplo alipomwambia kuhusu Gody na mihogo yake, mzee alikaa juu ya gunia na kuficha uso kwa mkono. Mabega yalimtikisika, na ilichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka.

Inspekta alingoja amalize.

"Mwalimu, mtu haibi kwa ajili ya kosa moja la hesabu."

Kicheko kiliisha. Mzee alitoa karatasi mfukoni mwa koti. Ilikuwa barua kwa bodi ya mitihani, imeandikwa na kukatwakatwa, ya tarehe ya Jumamosi.

"Ijumaa nilipiga ile hesabu upya," alisema. "Kwenye kilo mia, ishirini ndiyo samaki mwenyewe, themanini ni maji. Jua halianiki samaki, linaanika maji. Zile ishirini zinabaki palepale. Ukitaka maji yawe nusu, ni ishirini na ishirini. Arobaini. Miaka ishirini na mitatu nimefundisha sabini. Darasani nikisema kitu nafuta ubao, kinaisha. Lile sanduku lilinipeleka mpaka kwa wanaoanika."

"Hilo ni kosa la hesabu."

"Kuna binti anaitwa Kija. Miaka minne iliyopita aliandika arobaini. Nikampa sifuri. Alipata thelathini na moja, kufaulu ni arobaini. Lile swali lilikuwa na alama kumi na mbili."

Koplo Mayala aliacha kuandika. Alihesabu midomoni, akafika.

"Alirudia mtihani," mzee aliendelea, "nikatoa swali lilelile. Akaandika arobaini tena. Akaondoka chuoni. Niliona aibu, Inspekta. Niliogopa somo lile litamfikia yeye. Barua nimeiandika mara tatu, miguu haikunipeleka."

"Yuko wapi sasa?"

"Nasikia anauza dagaa Nyamuswa."

Inspekta alitoka uani akampigia Raya. Alimwambia sanduku ni zima, masomo yote yamo, mitihani iendelee. Upande wa pili ikasikika pua ikivutwa. Mkuu wa chuo, aliyekuwa karibu, akachukua simu akasema mkataba ubaki, na diski ya nje itanunuliwa wiki hii. Habari ya kesi, Inspekta alimwambia, jalada litakwenda kwa wakubwa wake na mwalimu atajibu mwenyewe.

Kisha wakapanda gari, sanduku likiwa mapajani mwa Koplo, bado linawaka.

"Hii siyo njia ya Musoma," mwalimu alisema baada ya muda.

"Siyo," Inspekta alijibu.

Soko la Nyamuswa lilikuwa limechangamka. Kija alikuwa nyuma ya lundo la dagaa, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, na kando yake kibao cheusi cha bei. Alimwona mwalimu kabla ya kuwaona polisi.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba, Kija. Nimekuja kwa lile swali la dagaa."

Uso wa Kija ulibadilika. "Nalikumbuka. Nimeanika na mama tangu nina miaka sita, mwalimu. Nilijua."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuja. Ulisema jibu liko kwenye kitini."

Mwalimu Luhende alisogea karibu na lundo la dagaa. Wateja wawili waliokuwa wakichagua waliacha kuchagua.

"Ni kweli, nilisema hivyo," alisema. "Nilikosea, mama. Jibu lilikuwa arobaini. Lilikuwa lako tangu mwanzo."

Kija alimtazama, akamtazama Inspekta, akamrudia mwalimu.

"Kwa hiyo nilipata ngapi?"

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki. Aliomba kibao, akafuta bei kwa mkono wa koti, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: 31 + 12 = 43. Chini yake akaweka sahihi na tarehe. Barua ya bodi akaikabidhi kwa Inspekta mbele ya watu wote, aifikishe yeye.

Kija alikikumbatia kibao. Alimwambia jirani yake wa meza ya pili kwamba amefaulu, na alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Koplo Mayala alisogea na mfuko wa vielelezo.

"Hiki hakiendi kituoni," Kija alisema, na Inspekta akamwashiria Koplo arudi nyuma.

Hapo simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Kija aliitoa, akaifuta magamba, akaisoma. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa hatua ishirini tu.

"Imeandika MASOMO," alisema. "Ya hesabu yapo kumi na tano. Nianzie la ngapi?"

"Anza la kwanza," mwalimu alisema. "Ukifika la kumi na nne, nitakuwa nimelirudia."