Mwenye Kona

Nyumba ya Wendelin ilianza kunuka nta ya ski, zile mbao za kutelezea thelujini. Jambo dogo, utasema, kule milimani Tiroli ambako kila banda linanuka nta. Lakini hii ilikuwa nta ya kizamani, yenye utomvu wa msonobari, na Wendelin hakuwa ameyeyusha nta tangu magoti yake yalipostaafu.

"Umeunguza nini?" mkewe Notburga aliuliza.

"Mimi? Hata maji nayapasha kwa kubahatisha."

Akacheka peke yake. Notburga alikuwa akitazama benchi lililo karibu na jiko.

Mbio za mteremko wa Hahnkogel zina umri mkubwa kuliko kanisa jipya. Zilianza enzi za babu zao, ski zikiwa mbao tupu na zawadi ikiwa paja la nguruwe. Tangu hapo desturi ni moja: mshindi hupewa kikombe, ila kona hupewa jina la aliyefia hapo. Kona ya tatu ilikuwa ya Sixtus, mchumba wa Notburga wa ujanani. Wendelin alishinda mbio hizo mara mbili, akamwoa Notburga juu ya hayo, na bado kila msimu mke huyo alipanda kuwasha mshumaa kwenye kona ya Sixtus. Hebu fikiria, mwanamume mzima, kitambi mbele, vikombe tele kabatini, anamwonea wivu maiti! Lakini utamshindaje mtu asiyezeeka wala kukoroma?

Basi mwaka huo alipofanywa msimamizi wa njia ya mbio, aliking'oa kibao chenye jina la Sixtus, akapigilia chake: KONA YA WENDELIN.

Siku hiyo hiyo ndipo nta ilipoanza kunuka. Kisha ukaja mkwaruzo, chuma juu ya barafu, ukipita chini ya zulia la sebuleni mchana kweupe.

Jioni ya mkesha wa Sikukuu ya Mamajusi, Wendelin alibeba chetezo akafukiza ubani chumba hadi chumba, kama baba wa nyumba anavyopaswa usiku huo. Walipofika jikoni, Notburga akaketi benchini kupumzika, na moshi ukamfuata, ukamzunguka, kisha ukagawanyika kando yake pasipo na kitu, ukapanda juu ya magoti yaliyokunjwa, ukapinda mgongo ulioinama kama wa mtu anayeteremka kwa kasi, ukafika kwenye kichwa, na kichwa kile kikageuka polepole kumtazama Notburga.

"Usipige kelele," Notburga alinong'ona. "Amekaa hapa tangu wiki iliyopita."

"Na wewe umenyamaza?"

"Ningesemaje na ulivyo na wivu? Kibao chake kiko wapi, mume wangu?"

"Nimekichanja kuni."

"Kuni zipi?"

Wendelin akatazama makaa ndani ya chetezo. Akakiweka chini haraka.

"Umemfukuza kwake, naye kaja kwangu," alisema Notburga. "Na kona yako haina mtu. Nenda ukaking'oe kile kibao, Wendelin, kabla hakijampata mwenyewe. Nenda sasa hivi!"

Wendelin akachukua nyundo na ski, akapanda. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa ya mgando. Alikifikia kibao, akachomeka nyundo nyuma yake, msumari wa kwanza ukalegea. Hapo ndipo wazo likamchoma: amewaacha wawili wale peke yao. Jikoni. Benchi moja.

"Hata kidogo!" alifoka. "Kibao kitasubiri."

Akaiacha nyundo ikining'inia, akapanda juu kidogo ya kona palipo tambarare, akavaa ski, akajitupa mteremkoni. Barafu ikamshika miguu kama reli. Alikata kushoto, ski zikaenda kulia, na jina lake mwenyewe likaja mbele ya macho, kubwa, kubwa zaidi.

Mara akawa mlangoni kwake. Magoti hayakuuma hata chembe. Akafungua, akaingia kwa kishindo, akaenda kusimama kifua mbele kati ya mkewe na lile benchi.

Notburga alikuwa ameinuka, akiukodolea macho mlango uliojifungua.

"Wendelin? Ni wewe?"

"Ndimi, mama! Nani mwingine?"

Alisema hayo sikioni mwake. Notburga akajikunyata, akavuta shali, akaenda kuufunga mlango. Jiko lilikuwa jekundu kwa moto, lakini theluji kwenye viatu vya Wendelin haikuyeyuka.

Nyuma yake benchi likalia, na sauti ya kijana ikasema kwa upole:

"Sogea kidogo, bwana. Umeniziba, simwoni."