Manjano ya Macho na Manjano ya Boga

Rosalia alitoka nje asubuhi na ndoo yake ya maji ya kumwagilia. Akasimama. Mashina ya maboga yalikuwa matupu. Jana maboga yalikuwapo, makubwa, yameanza kuiva. Leo hakuna hata moja.

Mwaka ule balozi wa nyumba kumi alihimiza kila kaya ya mtaa wao wa Temeke ilime chakula. Rosalia alilima ubavuni mwa nyumba. Alichota maji, akapalilia, akafukuza kuku. Yote hayo kwa ajili ya maboga yale.

"Mama!" aliita. "Maboga yangu yako wapi?"

Mama mkwe wake, Bibi Anjelina, alikuwa ameketi mlangoni akipeta mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Nimempa Mama Mwishehe hapo jirani. Mbuzi wake hawana majani."

"Mbuzi? Maboga yangu kapewa mbuzi?"

"Wewe unataka mwanangu afe? Mtu ana manjano mpaka kwenye viganja, nawe unamwoteshea manjano mengine ukutani!"

Rosalia aliitua ndoo kwa kishindo. Mama mkwe hajibiwi.

Mumewe, Polikarpo, alikuwa mpaka rangi bandarini. Alikwangua kutu kwenye matishari, vile vyombo vya chuma vya kubebea shehena, kisha akayapaka rangi. Siku moja alirudi nyumbani na homa. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi. Macho yakageuka manjano. Hospitali walisema ini lake limevimba. Apumzike, ale vizuri, asiguse pombe.

Basi Bibi Anjelina akafika kutoka Masasi kumuuguza mwanawe. Alifika na mzigo wa mihogo mikavu na sheria zake. Manjano huita manjano, alisema. Papai likapigwa marufuku. Embe likapigwa marufuku. Kiini cha yai kikatupwa. Hata kanga ya njano ya Rosalia ilifungiwa sandukuni, mgonjwa asije akaiona. Polikarpo alilishwa vitu vyeupe tu: uji mweupe, wali mtupu, ugali wa muhogo.

"Nyeupe inasafisha," alisema Bibi.

Nyeupe haikusafisha kitu. Polikarpo alikonda. Shati lilimpwaya. Rosalia alimtazama akajiuliza kama mumewe atasimama tena juu ya tishari, au ndiyo basi.

Mchana ule alirudi kutoka bombani. Akamkuta mumewe ameketi kitandani, anaficha kitu chini ya mto. Chumba kizima kilinuka.

"Mume wangu, hiyo nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Kasimiri wa kazini kaniletea."

Rosalia aliinua mto. Chini yake palikuwa na chupa ya soda. Akainusa.

"Gongo! Polikarpo, unakunywa gongo na ini lako hilo?"

"Usipige kelele, mke wangu. Itazame vizuri. Nyeupe kama maji. Mama kasema nisile cha njano. Hii ina njano gani?"

Bibi Anjelina alichungulia mlangoni. Akaitazama chupa.

"Lakini kweli ni nyeupe," alisema.

Rosalia aliketi sakafuni. Hakujua acheke au alie. Mmoja anakataza boga, mwingine anakunywa sumu kwa sababu ya rangi yake, na wote wawili wanamwona yeye ndiye mkorofi! Aliinuka, akaenda nje, akaimwaga gongo mchangani. Akajifunga kanga barabara.

"Mie nimechoka," alisema. "Namfuata nesi Jovina. Akija mumweleze nyie wenyewe."

Jovina alikuwa nesi wa zahanati ya mtaani kwao. Alifika alipomaliza kazi, miguu ina vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alitazama macho ya Polikarpo. Alimbonyeza tumbo upande wa kulia. Kisha akamsikiliza Bibi, na Polikarpo, na Rosalia, ambao wote walisema kwa wakati mmoja. Akavuta pumzi ndefu.

"Mama, manjano ya macho hayatoki kwenye boga. Damu inapochakaa huacha takataka za njano. Ini lenye afya huziondoa kila siku. Ini likiumwa, takataka hizo hubaki mwilini. Ndizo unazoziona machoni."

"Na ya boga?"

"Hiyo ni nyingine kabisa. Inaitwa karotini. Ipo kwenye boga, papai, embe, karoti, viazi vitamu vya njano. Ni rafiki wa ini."

"Rafiki!" Bibi aliguna. "Rafiki gani?"

"Ini limejengwa kwa seli. Ni kama vijumba vidogo mno, jicho halivioni. Mwili unahitaji hewa ya oksijeni. Lakini ini linapougua, au linapopambana na pombe, hewa hiyo hiyo huzaa chembe kali. Chembe hizo hula kuta za seli."

Polikarpo aliinua kichwa.

"Kama kutu," alisema.

"Naam! Kama kutu. Bandarini mnafanyaje kutu isile chuma?"

"Tunakwangua. Halafu tunapaka rangi ya kwanza, ile nyekundu. Hewa ya chumvi inaipiga rangi. Chuma kinapona."

"Basi karotini hufanya kazi kama hiyo. Hupokea pigo la chembe kali badala ya seli. Sasa wewe unakula nyeupe tupu, na seli zako zinabaki bila mlinzi."

Polikarpo alimgeukia mama yake.

"Mama, umenikwangua rangi."

"Mimi nilitaka upone!" Bibi alimgeukia nesi. "Kwa hiyo boga litamponya?"

"Hapana, mama. Boga si dawa. Ini hujiponya lenyewe likipumzishwa. Boga hulisaidia kujikinga. Lakini akinywa gongo, hata maboga ya Temeke nzima hayatamwokoa. Ni kama kupaka rangi huku mwenzako anamwagia maji ya bahari."

Polikarpo alitazama miguu yake.

"Tena mchemshe maji ya kunywa, mnawe mikono kwa sabuni," aliendelea Jovina. "Ugonjwa huu huambukiza. Na arudi hospitali wampime."

"Afadhali mimi sili vitu vya njano," alisema Bibi.

"Unakula kisamvu?"

"Kila siku."

"Kisamvu, mchicha, matembele, vyote vina manjano mengi. Ukijani umeyafunika tu."

Bibi Anjelina alikwenda kwenye kioo cha ukutani, akavuta kope zake chini, akajitazama macho. Yalikuwa meupe. Polikarpo akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

Bibi hakungoja kuambiwa. Alivaa ndala akatoka. Kutoka kwa Mama Mwishehe zilisikika kelele za watu wawili na mbuzi mmoja. Alirudi amekumbatia maboga mawili. La pili lilikuwa na alama za meno.

"Hili tutakata upande huu," alisema.

Jovina alimwonyesha Rosalia namna ya kulipika: maji machache, lisiive sana, na tui jepesi la nazi, maana mafuta kidogo huusaidia mwili kuipokea karotini. Polikarpo alikula bakuli zima. Kesho yake aliomba papai.

Kasimiri alipokuja na chupa nyingine, alirudishwa nayo mlangoni. Polikarpo alipumzika, akanywa maji yaliyochemshwa, akala boga na mchicha, samaki na maharage. Mkojo wake ulianza kutakata. Macho yakafuata, polepole. Hospitali walimpima, wakasema uvimbe wa ini umenywea. Mvua zilipokwisha alirudi bandarini, shati limemkaa.

Siku hiyo Rosalia alikuwa kwenye foleni ya maji. Mbele yake Bibi Anjelina alikuwa amemshika mkono mama mmoja ambaye ndugu yake ana manjano.

"Mpe boga!" alisema Bibi kwa sauti kubwa. "Boga linaponya ini!"

"Haliponyi, mama!" Rosalia alipaza sauti kutoka nyuma. "Linakinga! Na aende hospitali!"

"Ndiyo, linakinga! Na aende hospitali! Si ndiyo nilikuwa naanza kumwambia? Mkwe gani wewe, mtu hamalizi hata neno!"