Begi la Hilda la Kambini

Kitendawili, mjukuu wangu. Popote niendapo, nyumba yangu mgongoni. Umeshindwa? Nipe mji. Ni kobe huyo. Amebeba paa lake, basi. Nani amewahi kumwona kobe amebeba kioo?

Skolastika wa Bweri hakuyawaza hayo siku alipomfungia binti yake begi.

Binti huyo, Hilda, alizaliwa na seli mundu, ugonjwa wa damu. Kila asubuhi alikunywa uji, akameza dawa, akaenda shule. Majirani hawakujua. Mama alificha.

Parokia ikaandaa kambi ya watoto Kiriba, kando ya ziwa. Watoto wangelala kwenye mahema. Skolastika alitaka mtoto apendeze. Alitia begini gauni la satini, viatu vyeupe, pafyumu, kioo na biskuti. Begi likajaa.

"Na sweta langu?" Hilda aliuliza.

"Lile la viraka? Unataka wasemeje? Mama Hilda kashindwa kumvisha mtoto?"

"Na dawa?"

"Utaendelea ukirudi. Na usimwambie mtu kwamba unaumwaga. Watakukimbia."

Kule Kiriba mvua ilikuja na upepo wa ziwa. Hilda alilala na satini yake, akitetemeka. Kulipokucha, mikono na miguu ilimuuma hata hakuweza kusimama. Florian, mlezi wa kambi, alimkimbiza kituo cha afya. Kutoka pale wakampeleka hospitali Musoma mjini.

Skolastika alimkuta ametundikiwa dripu. Midomo imekauka. Analia bila sauti.

"Mwanangu, mbona hukumwambia mlezi unasikia baridi? Hata blanketi wangekupa."

Hilda aligeukia ukutani.

Jirani yao Ursula, mhudumu wa afya wa mtaa, alileta uji. Ndiyo kwanza alikuwa amejua ugonjwa wa Hilda. Alifungua begi kutafuta nguo ya kumfunika mtoto. Akatoa pafyumu. Akatoa kioo.

"Mama Hilda, hiki nacho kinakingaga baridi?"

Skolastika aliinamisha kichwa. "Nilifikiri siku chache tu, dada."

"Dawa haina likizo. Na baridi, kiu na uchovu ndivyo vinaamsha maumivu ya seli mundu. Mtoto huyu akisafiri, tia kwanza dawa zake na kadi ya kliniki. Halafu nguo nzito, blanketi, chandarua na chupa ya maji. Anywe maji mara kwa mara, asingoje kiu. Akishikwa na homa, hospitali haraka. Kwa hiyo mlezi lazima ajue. Nafasi ikibaki, ndiyo utie gauni."

"Masatu, baba yake, anasema Hilda hatatoka nyumbani tena."

"Mwambie shemeji ugonjwa huu haumfungii mtu ndani. Unataka maandalizi."

Hilda alirudi nyumbani akichechemea. Wenzake walicheza rede uwanjani. Yeye aliwatazama kutoka mlangoni, wiki baada ya wiki. Skolastika alipomwona hivyo, aliacha chakula chake sahanini.

Mwaka uliofuata kambi ilikuwa Butiama. Masatu alikubali shingo upande. Mara hii dawa na kadi zilitangulia begini. Zikafuata sweta zito la mtumba, soksi, blanketi, chandarua na chupa ya maji. Kisha Skolastika akamwendea Florian.

"Mwalimu, mwanangu ana seli mundu." "Naomba umwangalie. Dawa anameza kila asubuhi."

"Asante kwa kunieleza, mama. Mwaka jana nilibeba mtoto sijui hata anaumwa nini."

Siku za kambi zilikuwa ndefu kwa Skolastika. Kila simu ilipolia, aliikimbilia.

Gari liliporudi, Hilda alishuka kwa miguu yake mwenyewe. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimba. Mama akamshika mikono. Ilikuwa na joto.

"Hukuumwa?"

"Sikuumwa. Siku moja nilisikia baridi, nikamwambia mwalimu Florian. Akaniongezea blanketi."

Skolastika akapokea begi. Hilda akamtazama usoni.

"Mama, kule hospitali uliniuliza mbona sikumwambia. Ulikuwa umenikataza."