Chungu Kisicho na Muhuri

Uji ulikataa kupata moto. Wilma Prouty angekuwa mtu wa kusikia, angesikia hapo hapo. Kuni za mwaloni zinawaka, chungu kiko juu ya makaa tangu saa tatu asubuhi, mvuke hakuna. Akachovya kidole. Baridi kama maji ya kisima.

"Bibi Hobbs, mumeo anakufa njaa!" Clifford alipiga kelele mlangoni.

"Mume wangu anakufa njaa tangu tushuke melini, wala hafi," Wilma alijibu. Wageni wakacheka.

Ndiyo kazi yao hiyo. Pale makumbushoni, pwani ya Massachusetts, walilipwa kuvaa sufu na kofia za kitani, wakajifanya Waingereza wa kwanza walioihamia nchi ile miaka mia nne nyuma. Ukimuuliza Wilma habari za simu, anakukodolea macho. Miaka kumi na mmoja alikuwa Bibi Hobbs, mke wa Clifford katika igizo tu, na kila kitu nyumbani mwa Bibi Hobbs kilitengenezwa juzi kionekane cha kale. Kwa hiyo mwezi wa nane, Clifford alipochimba shimo la nguzo ya ua akaibuka na chungu kidogo kimejaa tope, Wilma alidhani ni cha karakana ya makumbusho, kimetupwa na mvivu mmoja. Akakiosha, akakipikia uji. Wakala, yeye na Clifford, mbele za watu.

Wiki ya pili ndipo alipokipindua. Vyungu vya karakana vina muhuri wa mfinyanzi chini, nyota ndogo. Hiki kitako chake kilikuwa laini. Na lile tope alilolikwangua lilikuwa na shanga za kombe, na kijifupa alichojiambia ni cha kuku. Uongo. Wilma amekata kuku wengi maishani mwake, na kidole cha mtoto hakifanani na kuku.

Akazifukia shanga na kile kijifupa nyuma ya nyumba, chungu akakirudisha rafuni. Angesema, nyumba ingefungwa, na dunia ingejua alikula uji katika chungu cha kaburi la nani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hii aliijua Wilma peke yake, hata Clifford hakumwambia.

Chini ya mteremko alifanya kazi Verna Quippish, kwenye vibanda vya magome ya miti, pamoja na ndugu zake, wenyeji wa asili ambao ardhi ile ilikuwa yao kabla ya meli yoyote. Wao hawaigizi. Verna atakwambia wazi jina lake ni Verna na gari lake ni lile la bluu. Siku moja alikuja mlangoni.

"Wilma, kwenye lile shimo la nguzo mlikuta nini?"

Ndani mlikuwa na wageni. Wilma akakunja mikono juu ya aproni, akamjibu kwa sauti ya Bibi Hobbs: "Mwenzangu, mie mwanamke wa jikoni. Mambo ya nguzo kawaulize wanaume."

Wageni wakacheka. Verna hakucheka.

"Sikumuuliza Bibi Hobbs," alisema, akaenda zake.

Tangu siku ile ndipo uji ukakataa moto. Harufu ya udongo mbichi ikamfuata Wilma hadi nyumbani kwake, akafua nguo mara tatu, haikutoka. Mkate alioufunika asubuhi aliukuta mchana umemegwa pembeni, alama za meno madogo, meno ya maziwa. Halafu ikaja siku ya ukungu, wageni wachache, na msichana mmoja aliyeshika mkono wa mama yake akanyoosha kidole pembeni mwa jiko akauliza, "Mbona yule mtoto hapewi kijiko?" na mama akacheka akidhani ni mchezo wa pale, na Wilma akageuka asione mtu ila majivu aliyoyafagia dakika ile ile, na juu ya majivu nyayo mbili ndogo zinamtazama yeye, na nyuma ya nyayo sauti ya kutafuna, taratibu, kutafuna kwa mtu anayetafuna pasipo na kitu kinywani.

Akakiweka chungu chini ya aproni akateremka kwa Verna.

"Nimekipikia," alinong'ona.

"Umekipikia nini?"

"Uji. Tukala."

Verna alikipokea kwa mikono miwili. "Ulijua?"

"Mara ya kwanza sikujua."

"Na nilipokuuliza?"

Wilma akatazama viatu vyake. "Nilijua."

"Ukanichekeshea wageni."

"Nisamehe, Verna..."

"Usilie hapa. Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina kazi hiyo. Nionyeshe ulikofukia." Kisha akaongeza, "Ua wenu una nguzo mia mbili, Wilma. Wewe umekuta shimo moja."

Alfajiri wazee wa kina Verna walikuja, wakang'oa nguzo, wakamrudisha mtoto kaburini na chungu chake. Walisema maneno yao ambayo Wilma hakuyasikia, maana aliambiwa akae mbali, akakaa. Asubuhi ile uji ulichemka mpaka ukamwagika. Clifford akala bakuli mbili.

Wilma alipanda kigodani kufuta rafu. Vyungu saba, alivikuta hapo siku ya kwanza ya kazi, alivirithi kwa Bibi Hobbs aliyemtangulia, naye kwa mwingine. Akapindua cha kwanza: nyota. Cha pili: nyota. Cha tatu kitako laini. Cha nne laini.

Nyuma yake kutafuna kukaanza, safari hii vinywa vingi.

Mlangoni wageni walikuwa wanaingia. "Bibi Hobbs, leo unapika nini?" aliuliza mmoja, kicheko kiko tayari.

"Mimi si Bibi Hobbs," alisema. "Naitwa Wilma. Nipisheni."

Akatoka na vile viwili mikononi, bila aproni kuvifunika, akapita katikati yao akiwa amewiva uso, akashika njia ya mteremko. Ndani kutafuna kulitulia. Hakukukoma. Kulitulia kama watoto walioambiwa wangoje.