Sauti Iliyotaka Nyutro

Jua lilikuwa linazama wakati lori la saruji lilipofika kileleni. Binti aliyekuwa kwenye usukani akapunguza gia kabla mteremko haujaanza. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, dereva wa lori hilohilo: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Acha injini ilie, ndiyo inayokushikia gari. Ukiweka nyutro, gia ikawa huru, gari linageuka jiwe, mzigo wote unazielemea breki, na breki zikishachemka unakanyaga hewa.

Ndiyo maana hakuwahi kuyaamini maneno ya watu. Baba yake alikutwa bondeni, chini ya mteremko huu, lori limelala ubavu na gia iko nyutro. Ubahili wa dizeli, walisema. Baba Mdogo, mwenye lori, naye alisema hivyohivyo, tena msibani, mbele ya mjane. Kisha akalinyoosha lori bodi, akampa binti ufunguo. Mama alinyamaza. Walikuwa wakiishi chumba cha uani kwa Baba Mdogo, na anayelala kwa hisani hachagui maneno.

Nyuma yake ikasogea pikapu iliyobeba maturubai. Aliyeiendesha ni mtoto wa pekee wa Baba Mdogo, kijana waliyemwita Kicheko. Alitoa kichwa dirishani.

"Tangulia, dada. Leo nakula vumbi lako."

"Weka gia ndogo."

"Nimesikia, mwalimu."

Wakaanza kushuka.

Injini ilinguruma, lori likashuka kwa adabu. Kwenye kona ya kwanza ikaja harufu. Breki zinazoungua.

Hakuwa amegusa breki.

Kisha kiti cha abiria kikalia... kwiii... kama mtu mzito anapoketi.

Hakugeuka.

"Iache iende, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya baba yake. Mkwaruzo wake uleule, na kile kikohozi kidogo mwishoni. Machozi yakamlenga. Ni mara ngapi ameomba kuisikia tena, hata ndotoni tu.

"Injini inalia. Imechoka. Weka nyutro, ipumzike."

Mkono wake ukalegea. Kitu cha baridi kikaufunika juu ya fimbo ya gia, kidole juu ya kidole, kikaanza kuvuta. Taratibu... kwa upole, kama mzazi anayemnyang'anya mtoto kisu.

Hapo ndipo lilipomwingia. Baba yake hakuwahi kumwita mwanangu. Tangu anatambaa alimwita Bosi, hata alipomkaripia.

"Wewe si baba," alinong'ona.

Akaikaza ile fimbo kwa mkono na goti. Lori likatetemeka, mifuko ya saruji ikagongana nyuma, lakini gia haikutoka. Baridi ikapanda hadi kiwikoni, hadi begani. Kitu kikapumua sikioni mwake, na sauti sasa haikuwa ya mtu yeyote anayemjua.

"Haya. Niliahidiwa mtu wa nyumba ile. Si lazima uwe wewe."

Kiti kikalia tena. Kikawa kitupu.

Katika kioo cha pembeni aliziona taa za pikapu zikikua. Zilikua upesi mno. Injini haikusikika, matairi tu yakivuma. Pikapu ikampita kwenye kona, na kwa kitambo kifupi alimwona Kicheko, mguu ameukandamiza sakafuni, uso ameugeuzia kiti cha pili, akibishana na mtu.

Kile kiti hakikuwa na mtu.

Akapiga honi. Akapiga tena. Taa zikaruka ukingo wa barabara, zikazimika.

Waliomtoa walikuta gia iko nyutro.

Msibani Baba Mdogo hakulia. Alimsubiri binti apite ujiani na birika, akamshika mkono uleule ambao hadi sasa ulikuwa haujapata joto. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu.

"Ulikaza mkono wa nini?" alimnong'oneza. "Nani alikutuma ukaze?"

Binti alikuwa hajamweleza mtu yeyote kilichotokea ndani ya lori.

Alijinasua, akaenda uani, alikokuwa mama yake akisugua sufuria za wageni.

"Mama, Baba Mdogo ndiye..."

Mama akamziba mdomo kwa kiganja chenye povu. Akatazama mlangoni kwanza.

"Najua," alisema. "Najua tangu siku ya baba yako. Tungekwenda wapi?"

Ndani, Baba Mdogo alikuwa anaita aletewe maji ya kunywa. Binti hakusogea. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akachagua glasi isiyo na ufa, akaijaza, akampelekea.