Walinipa Kansa Nisiyokuwa Nayo

Nilifungua mlango nikakutana na mwanamke nisiyemjua. Akaniangalia usoni, akashusha macho kifuani, akaanza kulia.

Hakulia kwa kificho. Alisimama pale kizingitini na mfuko wa machungwa mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, kama mtu aliyefika msibani.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Kansa imekuwahi ukiwa mbichi hivi."

Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Labda kuna mwingine anaambiwa...

Hakukuwa na mtu. Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Sebuleni kulikuwa na kochi langu lililojaa mito, redio, na mimi.

Wapendwa, mimi sijawahi kuugua kansa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo tusipotezane.

Mimi ni mwalimu. Au tuseme nimemaliza chuo cha ualimu, na ninafundisha kwa kujitolea huku nikisubiri ajira. Tangu shule ya msingi kifua changu kilikuwa kikubwa kuliko umri wangu. Chuoni wavulana walikuwa na utani wao: nikiingia tu darasani wanasema kifua kimefika, mwenyewe yuko njiani. Nilicheka nao. Ukiwa na mwili kama ule unajifunza kucheka kabla hujachekwa.

Lakini mabegani nilikuwa na mifereji iliyochimbwa na mikanda ya sidiria. Nilivaa sidiria mbili kwa pamoja ili niweze kutembea haraka. Joto likizidi, ngozi ya chini ya matiti ilichubuka mpaka ikatoa maji. Nikisimama ubaoni kipindi kizima, shingo inawaka, vidole vinaingia ganzi, chaki inadondoka.

Nikaenda hospitali. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema ataondoa nyama na mafuta, atapandisha chuchu juu, na nitabaki na makovu yenye umbo la nanga ambayo yatafifia lakini hayatafutika. Huenda nikapoteza hisia kwenye chuchu. Huenda nisiweze kunyonyesha, au ninyonyeshe kwa shida. Akanituma nyumbani nikafikiri.

Sikuwa peke yangu mbele ya daktari. Mchumba wangu alikuwa pembeni. Ni mpimaji wa ardhi, na hapa nitamwita hivyo hivyo, Mpimaji. Yeye ndiye aliyeuliza habari ya kunyonyesha. Akajibiwa. Tulipotoka nje akanishika mkono, akasema mgongo ni wangu na uamuzi ni wangu.

Nilimpenda upya siku ile.

Asubuhi ya upasuaji daktari alinisimamisha akanichora kifuani kwa kalamu, mistari na duara, kama fundi cherehani aliyepata kitambaa kigumu. Nikapigwa nusu kaputi. Nilipozinduka, kitu cha kwanza kuhisi hakikuwa maumivu. Kilikuwa wepesi. Kama mtu amenitua mzigo ambao nilishasahau kwamba nimeubeba.

Maumivu yalifuata, tena hayakubisha hodi.

Nilikuwa na mirija midogo ubavuni ya kutolea damu na maji. Nilivaa sidiria maalumu ya kubana, mchana na usiku. Nililala chali nimeegemezwa kwa mito kama mfalme mgonjwa. Sikuruhusiwa kuinua mikono juu ya mabega wala kubeba hata sufuria ya chai. Titi moja likavimba kuliko lingine, nikadhani nimeharibiwa. Nesi akacheka, akasema uvimbe hauna adabu, haushuki kwa pamoja, nisubiri.

Na kilio! Kuhusu kilio hakuna aliyenionya. Unakunywa uji wako kwa amani, ghafla machozi hayo, na hujui unamlilia nani.

Mama ndiye aliyeniuguza. Aliniosha, alinivalisha, alinichana nywele. Na mama mkwe wangu mtarajiwa, mwenye saluni, alinitumia blanketi laini, na kila asubuhi ujumbe: "Shujaa wangu, umeamkaje?"

Nilikuwa nausoma natabasamu. Nikasema moyoni, jamani, mimi nimepata familia.

Kumbe...

Haya, turudi mlangoni.

Nilimkaribisha yule mgeni ndani, akaketi na machungwa yake mapajani. Akaniambia yeye ni msusi, anafanya kazi saluni kwa mama mkwe wangu. Akaniambia kule saluni mimi ni habari ya kila siku. Mama Saluni huwasimulia wateja, kitana mkononi, jinsi mkamwana wake mtarajiwa alivyogunduliwa na kansa ya matiti na hakutetereka. Wateja hulia. Wengine huja na zawadi zangu.

Nilitaka kumsahihisha, lakini hakunipa nafasi.

Msusi akafungua vifungo viwili vya blauzi yake, akanichukua mkono, akaniwekea kwenye titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu mle ndani, kama mbegu ya embe.

Kansa yake ilikuwa ya kweli. Vipimo vimethibitisha. Ameitwa kufanyiwa upasuaji, akakimbia. Ameitwa tena, akakimbia tena. Hajamwambia mtu. Nyumbani ana wanawe wadogo tu. Lakini kila Mama Saluni aliponisimulia, yeye alikuwa anasuka na kusikiliza, na akaanza kufikiri kwamba kama binti yule ameweza...

"Niambie ukweli," akasema. "Kule hospitali wote wananiambia nimtegemee Mungu na nisiogope. Mungu namtegemea. Nataka kujua nikizinduka nitakuta nini."

Nikamwambia ninachokijua. Mirija. Kulala chali. Kichefuchefu cha dawa ya usingizi. Akawa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa mbele.

"Na mtu?" akauliza. "Nitamkuta mtu?"

"Utakuta mkono wangu," nikasema. "Nakuahidi."

Mama akaingia na mfuko wa sukari. Alipoelewa mgeni ametoka saluni gani, alimpa juisi, akamwambia mgonjwa huwa anachoka haraka, akamsindikiza mwenyewe hadi barabarani. Nikaona ni ukarimu.

Mpimaji alikuja jioni. Nilimwuliza swali moja tu, kama ndiye aliyemwambia mama yake nina kansa, na hakukana.

Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akawa anazungusha funguo zake kidoleni. Akasema mama yake ana ndoto za wajukuu. Angemwambiaje kwamba mchumba wake amekwenda kupunguza matiti kwa hiari yake, tena akijua huenda asinyonyeshe? Angeonekana analeta nyumbani mtu anayechezea mwili wake.

"Nilikubali tu," akasema. "Ilikuwa rahisi. Na unajua nini? Tangu aambiwe, amekupenda zaidi."

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia kama kisu. Nimependwa zaidi... kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Na yale maneno "nilikubali tu" yalinipita kama upepo. Mngekuwa mimi, mngemwuliza amekubali pendekezo la nani. Sikumwuliza.

Akaniomba ninyamaze hadi harusi ipite. Nikamweleza habari ya Msusi, bila kumtaja, nikasema kuna mgonjwa nimemwahidi ukweli. Akaacha kuzungusha funguo. Akasema ukweli huo ukifika saluni, yeye hatasimama kati yangu na mama yake. Nichague.

Nililala na kauli hiyo, chali, maana hata kugeukia ukuta nikalia kwa faragha sikuruhusiwa.

Asubuhi nikampigia Msusi kwa namba aliyoniachia. Nikamwambia yote. Kwamba sina kansa na sijawahi kuwa nayo. Kwamba nilikwenda kwa sababu ya mgongo na shingo na mifereji ya mabega. Kwamba matiti yangu yapo, yamepungua tu, na kama ujasiri wake ameuazima kwangu, basi ameazima kitu ambacho sikuwa nacho.

Nikasikia anacheka, kile kicheko cha puani cha mtu aliyechoka.

"Kwa hiyo wewe umekwenda kisuni kwa hiari yako," akasema, "na mimi ninayelazimika ndiye ninayekimbia?"

Hakungoja jibu langu.

"Basi nakwenda," akasema. "Na ahadi yako ipo palepale?"

"Ipo."

Aliomba apangiwe Jumatatu, kwa sababu Jumatatu saluni hufungwa na hakuna atakayeuliza yuko wapi. Angejua baadaye la kumwambia bosi wake.

Na bosi wake naye, kwa sababu hiyohiyo ya saluni kufungwa, akatuma salamu kwamba yeye na mume wake wanakuja kwetu kupanga tarehe ya harusi. Jumatatu. Asubuhi.

Nilimwomba Mpimaji wasogeze siku. Akaniuliza sababu ni ipi. Nilipomjibu kwamba ni yule mgonjwa, akasema mgonjwa hakimbii, wazazi wake ndio watakaokasirika.

Jumatatu ilipofika Mama alipiga deki nyumba nzima, akatandika vitambaa vipya kwenye makochi, akanitolea gauni langu zuri lenye zipu mgongoni. Nililivaa kuanzia miguuni, kama ninavyovaa kila kitu siku hizi. Zipu sikuweza kuifikia. Nikampa mgongo, na nikamwambia palepale kwamba sikai. Nakwenda hospitali, kukaa na yule mgeni wa machungwa.

Mikono yake ilisimama.

"Utamtupa mwenzio kwa ajili ya mtu wa saluni?"

"Mwenzangu alinitupa zamani, Mama. Alinigawa kwa watu na kansa nisiyokuwa nayo."

Zipu ilikuwa katikati ya mgongo. Haikupanda wala kushuka. Nikasikia pumzi yake shingoni mwangu.

"Usimwonee," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemwambia aseme kansa."

Wapendwa... kuna kusalitiwa, halafu kuna kusalitiwa huku umempa mtu mgongo akufungie gauni.

Akasema Mpimaji alimjia akiwa hajui pa kuanzia kwa mama yake. Yeye akaona tukisema maumivu ya mgongo, watu watauliza nani hana mgongo. "Kansa haiulizwi maswali," akasema. Kisha akaiachia zipu. Akasema na yeye amekibeba kifua kama changu tangu usichana wake, amelala na maumivu na kuamka nayo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia pole. Alitaka mimi nipewe pole.

Nikageuka. Gauni la nyumbani lilikuwa limemshuka begani, na pale begani palikuwa na mfereji mkubwa kuliko wangu wa zamani. Mweusi, wa kina, umekomaa. Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kuuona.

Nilimhurumia. Na nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vilikuwa kweli, na hata leo ninapoandika bado ni kweli. Mikono iliyoniosha vidonda ndiyo iliyowapa watu uongo juu ya vidonda hivyo, na asubuhi ile bado niliihitaji ili nivae.

"Nimalizie zipu, Mama," nikasema.

Akapandisha hadi juu.

Getini nikakutana nao. Mama Saluni amependeza, mume wake amebeba kikapu cha matunda, Mpimaji nyuma yao amenyoa ndevu. Mama Saluni akanishika mabega kwa uangalifu, kama anashika yai.

"Shujaa wangu, unatupokea au unatukimbia?"

"Mama," nikasema, "mimi sikuugua kansa. Nilipunguza matiti kwa sababu yalikuwa yananiumiza kila siku. Nisamehe kwa pole zote ulizonipa. Sasa hivi kuna mtu ananisubiri hospitali."

Mikono yake ikatoka mabegani mwangu, mmoja, kisha mwingine. Akamgeukia mwanawe. Mpimaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu anayepima viwanja vya watu akaweka mipaka, asubuhi ile hakuweza kuinua macho nimwone amesimama upande gani.

Nikapita katikati yao.

Niliposubiri nje ya chumba cha upasuaji, simu ikiwa imezimwa mkobani, ndipo nilipopata la kuwaambia ninyi. Wewe unayesoma, kama mwili wako unakuuma, unakuuma. Huhitaji ugonjwa mkubwa zaidi ili ustahili kuhurumiwa. Nenda kwa daktari, uliza maswali yote, hata yale ya aibu, kisha amua. Na wewe unayemuuguza mtu, usimtafutie maumivu ya heshima zaidi kuliko yale aliyonayo. Pole ya uongo haimponyi mtu, na siku moja mwenye ugonjwa wa kweli atabisha hodi mlangoni na machungwa.

Walimtoa Msusi mchana. Nesi aliniruhusu kukaa kando ya kitanda. Upande wa kushoto wa kifua chake ulikuwa bapa chini ya bandeji, na ile mirija ilikuwepo kama nilivyomwambia.

Kitanda chenyewe kilikuwa kirefu, cha kupandia kwa ngazi, na kiti nilichopewa kilikuwa kifupi. Kumfikia ilibidi ninyooshe mkono juu ya bega, pale pale nilipokatazwa. Nyuzi za ubavuni zikavuta. Nikavumilia, nikaweka kiganja changu juu ya godoro, karibu na chake.

Alipozinduka hakufungua macho. Vidole vyake ndivyo vilivyotangulia, vikapapasa shuka, vikanikuta.

"Umekula?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

Nikacheka, na kucheka kukaniuma. "Bado."

"Harusi je?"

"Lala, dada."

Akalala. Lakini hakuachia vidole vyangu, na mimi sikuuteremsha mkono.