Dawa Iliyojaribiwa

Mgeni aliingia kituo cha polisi cha Marrow Creek bila kubisha hodi. Alikuwa dereva wa lori. Aliweka mezani kichupa cheupe cha kupulizia puani.

"Kuna kijana amekufa chooni, pale kituo cha mafuta," alisema. "Alizidisha dozi ya dawa za kulevya. Nikakimbilia lile sanduku la dawa za bure ukutani, nikampulizia naloksoni, ile ya kumzindua aliyezidisha. Haikutoka hata tone. Dada, kichupa kilikuwa kitupu!"

Inspekta Lorna Mullins alikitambua kichupa hicho. Nyumbani, kando ya kitanda cha mwanawe Casey, naye mtumiaji wa dawa za kulevya, kulikuwa na kichupa kama hicho. Alikichukua mwenyewe kutoka sanduku lilelile, kwa kujificha. Vichupa vya kazini havikuruhusiwa kwenda nyumbani, na kununua dukani kungemfanya gumzo la mji mzima.

Alipiga simu. Iliita, ikaita.

"Mama? Nimelala, bwana!"

"Casey, usiguse kitu leo. Nakuomba."

"Umeanza tena." Akakata.

Pale kituo cha mafuta, marehemu alikuwa Jared Cline, midomo imegeuka buluu. Lorna alivaa glavu akafungua sanduku. Kila kichupa kilichobaki kilikuwa kitupu. Pakiti zilikuwa zimefunguliwa kwa nyuma, kisha zikafungwa tena kwa selotepu, vizuri, bila mkunjo.

"Delmer, wewe ndiye uliyetaka sanduku hili ling'olewe," alimwambia mwenye kituo cha mafuta.

"Na bado nataka. Lakini nikiamua kuua mtu, Lorna, nitamuuzia kahawa yangu."

"Sicheki. Nani hulijaza?"

"Bi Opal. Tangu mjukuu wake afariki."

Lorna aliitazama tena ile selotepu. Mwenye chuki angevitupa vichupa. Huyu alivirudisha, tena kwa uangalifu. Jambo hilo lilimtisha zaidi.

Opal Ratliff, mpishi mstaafu wa shule, alimpokea jikoni. Mezani palikuwa na pakiti mpya, kisu na selotepu.

"Unavifanyia nini, Bibi?"

"Navijaribu, mwanangu." Alikielekeza kimoja kwenye sinki, akabonyeza. Ukungu mwembamba ukatoka. Kwa ncha ya kisu akakirudisha kitufe mahali pake. "Umeona? Kizima kabisa."

"Bonyeza tena."

Opal alibonyeza. Hakikutoka kitu. Alibonyeza kwa nguvu zaidi, uso ukianza kumbadilika.

"Kina dozi moja tu, Bibi. Ukikijaribu, umekimaliza."

Kikongwe akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Jesse, mjukuu wangu, nilimpulizia kilichoganda kwa baridi ndani ya gari. Hakikutoka kitu. Nikaapa sitamwachia mama mwingine kitu ambacho sijakijaribu." Alikisukuma kichupa kando. "Leo ni mtoto wa nani?"

"Jared Cline."

"Jared! Shuleni alikuwa akiniomba mkate wa mahindi mara mbili mbili." Alifunika uso. "Nimemuua mimi. Andika hivyo."

Lorna aliandika. Hapakuwa na chuki ya kuandika wala tamaa. Kulikuwa na hofu tu, ileile aliyolala nayo yeye kila siku.

"Nipeleke unakotaka," alisema Opal. "Lakini sanduku lisibaki tupu leo. Niahidi."

"Nakuahidi."

Redio ya mji ilitangaza kwamba kila pakiti yenye selotepu itupwe. Lorna akaenda duka la dawa. Naloksoni haikuhitaji cheti cha daktari, ila iliwekwa nyuma ya kaunta, ukaiombe kwa mdomo wako. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mke wa mkuu wake wa kazi, na nyuma ya huyo, nusu ya kanisa. Lorna aliomba pakiti kadhaa.

"Inspekta!" mfamasia alitabasamu. "Za uchunguzi, bila shaka?"

Angeweza kuitikia tu kwa kichwa.

"Za kujaza sanduku la Bi Opal," alisema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Na moja ya mwanangu Casey."

Mtu alikohoa. Lorna alingoja palepale, masikio yakimwaka moto, hadi pakiti ya mwisho ilipowekwa mbele yake. Alizikumbatia zote kifuani bila mfuko, akavuka barabara mchana kweupe hadi kituo cha mafuta, akaanza kuzipanga sandukuni.